Nyumba ya mama ndani ya kesi ya mtoto: msingoje hukumu

Bwana Mhariri,

Hukumu ya jinai ikisomwa, watu wa familia waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma husubiri kitu kimoja: miaka mingapi. Miaka ikishatajwa vilio huanza, na mistari inayofuata husomwa bila mtu wa kuisikiliza. Ndani ya mistari hiyo ndimo parseli (kiwanja), kamyo (lori) na pesa za benki zinamopotelea. Neno lenyewe ni moja tu, «confiscation», yaani kutaifishwa kwa mali, linasomwa kwa Kifaransa pamoja na gharama za kesi, kisha hakimu anafunga faili. Mama mwenye nyumba atakuja kulifahamu siku mjumbe wa tribinali atakapobisha hodi na karatasi mkononi.

Naomba nafasi gazetini niseme na familia za hapa Lubumbashi, halafu niseme na mahakimu wetu. Familia zinauza kila kitu kumtetea mtoto aliyeko gereza la Kasapa, na hakuna anayesimama kuitetea mali. Hizo ni kesi mbili. Ya pili isipofunguliwa mapema, mlango wake hujifunga.

Sheria haikuandikwa ili kumnyang'anya mama. Katiba, kifungu cha 17, inasema wajibu wa jinai ni wa mtu binafsi na hakuna anayehukumiwa kwa tendo la mwingine. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu na kinakataza isikamatwe pasipo uamuzi wa mamlaka ya sheria inayohusika. Nayo Kanuni ya Adhabu ya Januari 30, 1940, katika kifungu cha 14, inagawa mali ya kutaifishwa mafungu mawili. Kwanza ni vitu vilivyotendewa kosa, vilivyotumika kulitenda au vilivyoandaliwa kwa ajili yake: hivyo hutaifishwa ikiwa ni mali ya mhukumiwa. Pili ni vitu vilivyozaliwa na kosa lenyewe: hapo sharti la mwenye mali halikuandikwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza avoka (wakili) ni hili: parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, inaiona mali hii kama chombo cha kosa, au kama zao la kosa? Kamyo ya shemeji iliyopakia shaba ya wizi ni chombo. Shemeji akionyesha kuwa ni yake, na yeye mwenyewe hakuhukumiwa, kifungu cha 14 hakimgusi. Nyumba inayosemekana kujengwa kwa pesa za shaba ile itawekwa fungu la pili, hata kama sertifika, yaani hati ya parseli, ina jina la dada. Hapo kuonyesha hati peke yake hakutoshi. Dada ataulizwa pesa za saruji, mabati na mafundi zilitoka wapi, na itambidi ajibu kwa karatasi: risiti, hati za mshahara, mkopo wa benki, mauzo ya parseli nyingine. Kesi ikiwa ya kutakatisha fedha, maswali hayo huwa makali zaidi. Anaulizwa kama alilipa bei ya haki na kama alijua pesa zilikotoka. Sheria inayotumika sasa kwa kesi hizo ni ya Desemba 27, 2022. Avoka anayewatajia ile ya Julai 19, 2004 peke yake, mwulizeni tena. Forodha nayo ni shauri jingine. Kamyo ikishikwa kwa magendo kule mpakani Kasumbalesa, inafuata Kanuni ya Forodha ya Agosti 20, 2010, iliyo kali kwa vyombo vya usafiri, na aliyebeba hoja ya kifungu cha 14 tu atashindwa.

Mali huanza kupotea mapema kuliko watu wanavyodhani, siku ile OPJ, ofisa wa polisi wa upelelezi, anapoandika PV, karatasi rasmi ya maelezo. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapa.

Mtuhumiwa anaulizwa kwa Kiswahili: «Nyumba ile unamokaa ni ya nani?» Anajibu: «Ni kwangu.» Kila mtu wa komini zetu za Katuba au Kenya anaelewa maana yake: pale ndipo ninapolala, ndipo mtanikuta. Mtoto mwenye miaka 40 anayeishi na mama yake husema «kwangu», na aliyepanga chumba kimoja husema «kwangu» vilevile. Lakini PV inaandikwa kwa Kifaransa, na OPJ mwenye haraka anaandika «ma maison». Kuanzia hapo neno la mahali limekuwa neno la umilki. Mtuhumiwa anasomewa haraka, au hasomewi, anatia sahihi. Miezi sita baadaye mwendesha mashtaka anasimama mbele ya hakimu na kusema: yeye mwenyewe alikiri kuwa nyumba ni yake, angalieni ukurasa wa pili. Wanaume wengine huongeza kwa fahari, wakasema «motokari zangu» huku moja ni ya ndugu yao mkubwa na nyingine ni ya rafiki aliyesafiri.

Dawa yake ipo. Kabla ya kutia sahihi, mtuhumiwa ana haki ya kutaka asomewe kwa lugha anayoielewa na neno lirekebishwe. Kama PV imeshapita, aseme wazi mbele ya hakimu, kikaoni, na karani aandike kwenye karatasi ya kikao: «Nyumba ni ya mama yangu, mimi naishi humo tu.» Avoka athibitishe kwamba imeandikwa kweli. Neno lililosemwa kikaoni bila kuandikwa ni sawa na ambalo halikusemwa.

Kuna PV ya pili, ya kuzuilia vitu. Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya Agosti 6, 1959, kifungu cha 3, inamtaka OPJ aeleze kila kitu alichozuilia, na aliyekuwa nacho atie sahihi. Asipotaka au asipoweza, hilo nalo liandikwe. Someni maelezo kabla ya sahihi. «Motokari moja nyeupe» si maelezo. Takeni aina, mwaka, nambari ya bamba na nambari ya chasisi. Hii ya mwisho huleta balaa kwa motokari za Japani zinazotufikia kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa: nambari zao mara nyingi ni fupi na zina kistari katikati, hazifiki tarakimu na herufi 17 zilizozoeleka kwingine. Karani anayeona ni fupi hudhani imekatika, anaongeza sifuri au anaacha kistari. Siku ya kudai, karte roze (hati ya motokari) inasema hivi na PV inasema vile, na mali inakaa uani kwa parke ikioza matairi. Aliyeko nyumbani wakati wa kuzuilia aandike juu ya sahihi yake, kwa mkono wake: kitu hiki ni cha fulani, hati zake zipo. Mstari mmoja, tarehe, sahihi. Unasaidia kuliko kelele za saa mbili.

Tusichanganye maneno mawili hapa. Kuzuiliwa ni kwa muda: mali inashikwa kama ushahidi au kwa sababu huenda ikataifishwa. Kutaifishwa ni adhabu, na ni hakimu tu anayeitoa kwa hukumu. OPJ hana mamlaka ya kuuza nyumba wala kumpa mlalamikaji motokari «kama fidia». Familia nyingi hukubali mapatano ya namna hiyo wakidhani ndiyo sheria.

Mali ikiwa imezuiliwa tu, mwenye nayo aandike ombi kwa mwendesha mashtaka wa Jamhuri la kuondoa zuio, linaloitwa ofisini «mainlevée». Ombi liwe la mwenye mali kwa jina lake, lisiwe la mtuhumiwa, na litaje nambari ya RMP, ambayo ni nambari ya faili la parke. Liambatane na nakala ya hati, nakala ya kitambulisho, na maelezo mafupi ya jinsi mali ilivyofika mikononi mwa ndugu: alikopeshwa, alipangishwa, aliachiwa aitunze. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Parke ikisema bado inaihitaji kama ushahidi, ombeni angalau mwenye mali akabidhiwe kama mlinzi, kwa sharti la kuileta ikihitajika. Jibu likikawia, andikeni kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu. Hati za asili msizitoe kwa mtu yeyote asiyewapa maandishi ya kuzipokea.

Faili likishafika tribinali, nambari inabadilika. RMP inabaki parke. Kule linapewa RP, na likienda rufani linakuwa RPA. Watu huzunguka kwenye ofisi ya karani wakiwa na RMP, wanaambiwa faili halipo, wanarudi nyumbani wakidhani kesi haijaanza, kumbe vikao viwili vimekwisha. Kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 5 liko tribinali ya amani. Zaidi ya hapo liko tribinali kuu. Mtuhumiwa akiwa askari, ulizeni upande wa mahakama za kijeshi.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote. Kifungu cha 96 cha Kanuni ya Mwenendo wa Jinai kinataja wanaoweza kukata rufani: mshtakiwa, mtu aliyetangazwa kuwajibika kwa fidia, mlalamikaji wa fidia, na parke. Mama mwenye nyumba hayumo. Asipoingia kesini kwenye ngazi ya kwanza, siku ya hukumu yeye ni msikilizaji tu, na siku 10 za rufani zinapita mbele ya macho yake bila kumhusu. Ndiyo maana ni lazima aingie kabla mijadala haijafungwa, kwa maandishi yanayoitwa «intervention volontaire», na avoka wake mwenyewe. Nasisitiza: wake mwenyewe. Avoka wa mtoto amefungwa mikono. Kazi yake ni kumtoa mteja wake, na pengine hoja yake inapingana na ya mama. Akisema nyumba ni ya mteja aliyeijenga kwa mshahara halali, anammaliza mama. Akisema si ya mteja, pengine anakiri kuwa mteja alificha kitu. Msimlaumu. Mtafutieni mama avoka wa pili.

Asiye na uwezo aende kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha mawakili cha Haut-Katanga, na achukue cheti cha umaskini kutoka komini. Ada za tribinali hulipwa benki kwa karatasi ya DGRAD, ofisi ya serikali ya kukusanya mapato, na risiti hurudi kwenye faili. Pesa iliyowekwa mkononi mwa mtu kwenye korido haijalipwa popote.

Sasa hati. Kwa parseli, Sheria ya Ardhi ya Julai 20, 1973 iko wazi katika kifungu cha 219: haki juu ya ardhi ya serikali huthibitishwa na sertifika ya konservatere, msajili wa hati za ardhi, basi. Kitabu cha zamani cha komini, kile tunachokiita livre de lojere, hakitoshi, wala karatasi ya kuuziana iliyosainiwa mbele ya chifu wa mtaa. Vinaweza kusaidia kuonyesha historia, lakini mbele ya sertifika vinanyamaza. Sertifika ikishapita miaka 2, kifungu cha 227 kinaifanya isiweze kushambuliwa. Ngao hiyo inamkinga mama ikiwa jina ni lake, na inamwumiza ikiwa jina ni la mtoto.

Hapo wanaumia walioko ng'ambo. Dada yuko Ubelgiji au Afrika Kusini, anatuma pesa kila mwezi, kaka anajenga na kuandikisha parseli kwa jina lake «kwa sababu yeye ndiye yupo». Kaka akihukumiwa, dada anakuja na bahasha ya stakabadhi za kutuma pesa. Stakabadhi zinaonyesha kuwa pesa zilitumwa. Hazisemi zilitumwa kwa ajili gani. Zinaweza kuwa chakula, shule, dawa. Mbele ya hakimu, dada huyo ni mtu anayemdai kaka yake, na nyumba haimjui. Najua ni maneno machungu. Anayejenga leo aandikishe kwa jina lake, na kaka asimamie kwa hati ya wakala iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji, inayotaja parseli hiyo kwa nambari. Kila ujumbe wa pesa ueleze sababu: «mabati ya parseli nambari fulani». Maneno matano hayo yana thamani mbele ya tribinali.

Baba akiwa amefariki na sertifika bado ina jina lake, msiseme «nyumba ni ya mama» wala «ni ya watoto» kwa mdomo tu. Leteni cheti cha kifo na hukumu inayotambua warithi. Aliyehukumiwa ni mmoja wa warithi, na kinachoweza kuguswa ni fungu lake. Lakini kama urithi haujagawanywa, lazima mtu asimame kumwambia hakimu hivyo, na mtu huyo ni msimamizi wa mirathi. Familia isiyo na msimamizi hukuta wajomba watatu wamesimama kikaoni, kila mmoja akisema lake.

Mke naye asikae kimya. Kanuni ya Familia ya Agosti 1, 1987, iliyorekebishwa Julai 15, 2016, ina mifumo mitatu ya mali ya ndoa, na wasiochagua huwekwa kwenye ule wa mali iliyochumwa pamoja. Kwa hiyo ana sehemu katika kilichonunuliwa ndani ya ndoa, na alichokuwa nacho kabla ni chake. Aje na cheti cha ndoa cha komini. Mahari iliyotolewa mbele ya wazee ni ndoa ya heshima, lakini isipoandikishwa atapoteza vikao vizima akithibitisha kuwa ni mke. Pesa za akaunti ya pamoja ni ngumu kuliko nyumba, kwa kuwa pesa hazina jina zikishachanganyika; aonyeshe mishahara yake ilivyoingia, mwezi kwa mwezi.

Na ikiwa hukumu imeshatolewa? Mhukumiwa mwenyewe bado anaweza kukata rufani ndani ya siku 10, na rufani yake iguse wazi kutaifishwa kwa mali, isiishie kwenye miaka. Mwambieni siku ileile. Mtu wa tatu anabaki na «tierce opposition», upinzani wa asiyeitwa kesini, unaotokana na kifungu cha 80 cha Kanuni ya Mwenendo wa Madai ya Machi 7, 1960. Hakimu anayeupokea anaweza kusimamisha utekelezaji. Tatizo ni kwamba njia hiyo iliandikwa kwa kesi za madai, na wanasheria wanabishana kama inaingia kwenye hukumu ya jinai. Parke haikosi kusimama kuipinga. Kwa hiyo ni mlango wa dharura. Pamoja nao, pelekeni kwa konservatere, mashariki au magharibi kufuatana na parseli ilipo, barua ya kupinga kubadilishwa kwa jina, yenye muhuri wa kupokelewa. Barua peke yake hainunui muda mrefu, inabidi kesi ifuate nyuma yake upesi.

Kwa mahakimu nina ombi. Wasomaji wanakumbuka kesi ya mpango wa siku 100 kule Kinshasa. Juni 20, 2020, tribinali kuu ya Gombe ilimhukumu Bwana Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais, miaka 20, na katika hukumu ileile ikataifisha mali zilizoandikwa kwa majina ya watu wa karibu naye ambao hawakuwa washtakiwa. Juni 23, 2022 mahakama ya rufani ilimwachilia huru. Sina neno juu ya hatia yake au kutokuwa nayo. Ninachosema ni kwamba mtu ambaye hakuitwa, hakuulizwa, hakupewa nafasi ya kuleta karatasi hata moja, asikute jina lake ndani ya hukumu. Kumtambua hakuhitaji uchunguzi mkubwa. Parke inaandika karatasi moja ya kumtaka konservatere ataje aliyeandikwa kwenye parseli, na jibu likirudi na jina la mwingine, mwingine huyo anaitwa. Kama hilo halikufanyika na hakimu ameligundua akiwa anaandika hukumu, sheria inamruhusu kufungua mijadala upya. Afanye hivyo. Kikao kimoja zaidi kinampa bibi kizee wa Ruashi nafasi ya kuonyesha sertifika yenye jina lake.

Na makarani wa tribinali, tafadhali: kesi inapopangiwa kikao cha kwanza, bandikeni ubaoni, chini ya nambari ya RP, orodha ya mali zilizozuiliwa, kwa Kiswahili. Wito wa asiyejulikana anakokaa hubandikwa tayari kwenye mlango wa tribinali. Karatasi ya mali inaweza kukaa kando yake. Hadi hapo, mwenye ndugu Kasapa apite kusoma ubao huo kila Jumatatu asubuhi, akiwa na RMP na RP zote mbili kwenye kikaratasi kimoja.

Msomaji wenu,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi